Mkimbizi Yuko Wapi Humu?

Chukua filamu yoyote ambayo mashirika yametengeneza juu yetu. Angalia dakika mbili za kwanza tu, halafu zima. Utakuwa umeona shitingi. Utakuwa umeona barabara ya vumbi, mtoto anayetembea bila viatu, na bidoni za njano zimepangwa mstari mbele ya bomba. Kamera itakuwa juu ya kilima, inatuangalia chini kama mtu anayehesabu mbuzi. Muziki utakuwa wa piano, tena polepole. Halafu maandishi: fulani, miaka 16, alipoteza kila kitu. Halafu nembo ya shirika. Sasa badilisha jina la kambi. Weka Kinama, weka Musasa, weka Bwagiriza, weka Nyarugusu ya Tanzania. Filamu haibadiliki hata kidogo.

Siku hizi tunaambiwa mambo yamegeuka, eti sasa vijana wenyewe ndio wanashika kamera. Kuna mafunzo, kuna vikundi, kuna vyeti vyenye mhuri. Mimi nasema hivi: kamera imehama mikono, lakini ule mwanzo haujahama. Na anayeamua mwanzo ndiye mwenye filamu. Wengine wote, hata kama majina yao yameandikwa mwishoni kwa herufi ndogo, ni wapagazi.

Nitoe mfano ninaoujua. Shirika moja, sitalitaja maana lingeweza kuwa lolote, lilileta mafunzo ya sinema ya siku kumi hapa Musinzira. Tuligawanywa watano watano. Kikundi chetu kilikuwa na watatu wanaokaa hapa Gitega na wawili waliotoka kambi ya Kinama, kule Gasorwe, Muyinga. Kazi haikuwa filamu nzima. Kazi ilikuwa mwanzo wa filamu tu, dakika mbili, kama ndiyo filamu inaanza na watu wameshaketi. Kamera moja, kipaza sauti kimoja, na kompyuta moja ya montaji kwa vikundi vinne.

Mkufunzi alieleza vizuri, hilo nampa haki yake. Alisema mwanzo una kazi nne: kumwonyesha mtazamaji yuko wapi, amfuate nani, acheke au aogope, na ajiulize swali gani mpaka mwisho. Mtazamaji asipopata swali, anaanza kuongea na jirani yake. Ukiyashika hayo manne, utaona kwa nini nasema ule mwanzo wa shitingi na piano si pambo. Unajibu yote manne kabla sisi hatujafungua mdomo. Uko wapi? Mahali pa shida. Umfuate nani? Yeyote, wote ni sawa. Usikie nini? Huruma. Ujiulize nini? Nitoe pesa ngapi.

Kikundi chetu kilibishana siku mbili nzima. Mmoja alitaka tuanze na foleni ya maharage siku ya kugawa chakula. Dada aliyetoka Kinama akamwangalia akasema: "Ile foleni kila mutu hapa anaijua. Sasa tunaenda kuionyesha nani?"

Hakuna aliyejibu. Lile swali ndilo swali lote la makala hii, na aliyeliuliza hajawahi kusoma shule ya sinema. Kuonyesha foleni ni kumwonyesha mtu ambaye hajawahi kusimama ndani yake. Mtu huyo hakai Kinama, hakai Musinzira. Kwa hiyo mwanzo wa foleni umeshachagua watazamaji wake, na sisi hatumo.

Mkubwa wetu, baba wa watoto wawili, alitaka jambo lingine. Alitaka tuanze na wafu. Alisema bila wao mwanzo wowote ni uongo. Na hapa ugomvi haukuwa wa sinema tena. Nyumba zetu kule Kivu hazikuwa zote upande mmoja. Kikundi cha watu watano, lugha tatu za nyumbani, na kila lugha ina wafu wake na hesabu yake. Munajua Gatumba, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, watu zaidi ya 150 waliuawa ndani ya kambi, katika nchi hii hii tuliyokimbilia. Ukianza na wafu, utaanza na wa nani? Utaimba kwa lugha ya nani? Na yule ambaye wafu wake wamewekwa wa pili, atashika kipaza sauti kwa moyo gani?

Hatukulimaliza lile jambo. Tulikubaliana tu kwamba dakika mbili haziwezi kulibeba, na kwamba tutaongea Kiswahili, maana kwa Kiswahili hakuna aliye mgeni zaidi ya mwenzake. Hiyo ndiyo kazi ya kikundi. Si kukubaliana upesi. Nimeona vikundi vinavyokubaliana upesi: huwa vimemkubali yule anayejua Kifaransa, kwa sababu ndiye anayeweza kumtafsiria mkufunzi, na baada ya saa moja ndiye mkurugenzi. Sisi tuliweka sheria tatu. Mwenye wazo hashiki kamera siku ya wazo lake. Kila mtu lazima aseme kitu kimoja cha kuondoa. Na mtu yeyote ambaye uso wake unaonekana ana haki ya kusema hapana, hata siku ya mwisho.

Wazo lililoshinda lilikuwa la saluni ya kunyolea hapa Musinzira. Kijana ameketi kwenye kiti, kesho anasimamia harusi ya rafiki yake. Kinyozi amemnyoa upande mmoja wa kichwa. Umeme unakatika. Mashine inanyamaza. Kinyozi anagonga mashine kwenye kiganja, anaangalia taa, anaangalia kile kichwa nusu. Basi wanaketi kungoja. Kwa kuwa hawana la kufanya, kinyozi anauliza yale maswali ya kila siku: "Unatoka wapi, mdogo wangu?" "Fizi." "Na nyumbani utarudi lini?" Kijana anajigusa ule upande wenye nywele, anasema: "Papa, tumalize kwanza kichwa." Giza linaingia. Mwisho wa dakika mbili.

Mteja wa kweli aliyekubali kukaa kwenye kile kiti alitupa sharti moja: uso wake usionekane. Kuna mtu alimkimbia, hakueleza zaidi, na hatukuuliza. Kwa hiyo tulimpiga picha kwa nyuma tu. Ndiyo ikawa picha nzuri kuliko zote: kisogo kilichogawanyika katikati, nusu kinang'aa, nusu cheusi. Kama tusingekuwa na ile sheria ya tatu, picha ile isingekuwepo.

Mkufunzi aliangalia, akacheka kwa kweli. Halafu akasema: "Ni nzuri. Lakini mkimbizi yuko wapi humu?"

Ninataka ndugu zetu wanaofanya kazi kwenye mashirika wakae na hilo swali kidogo. Mkimbizi ndiye anayenyolewa. Mkimbizi ndiye anayenyoa. Mkimbizi anashika kamera, mkimbizi mwingine anashika kipaza sauti, na mlangoni wamejaa wengine sita wanaotoa ushauri bila kuombwa. Hakuna kitu ndani ya ile saluni ambacho si mkimbizi, isipokuwa kalenda ya ukutani. Lakini mkufunzi hakumwona, kwa sababu alikuwa anamtafuta yule wa shitingi. Kumbe kwa ile kazi, mkimbizi si mtu. Ni mavazi. Usipoyavaa, haupo.

Montaji ya mwisho haikufanyika Musinzira. Fundi wa shirika aliichukua kazi, "kuisafisha tu." Iliporudi, dakika ya kwanza ilikuwa kilima, shitingi, na mtoto mdogo wa Kinama anakokota bidoni. Sisi hatukuzipiga picha hizo. Saluni ilisukumwa mpaka dakika ya pili, ikakatwa kabla ya lile neno la kichwa. Siku ya kuionyesha kule Kinama, watu walikuwa wameshaanza kuongea wakati kichwa nusu kilipotokea. Walicheka, lakini kwa sekunde tano tu, halafu nembo. Mama wa yule mtoto wa bidoni alikuwa ameketi mkeka wa tatu kutoka mbele. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Alijifunika kitenge usoni.

Wengine watasema: mambo madogo hayo, dakika mbili za wanafunzi. Si madogo, na si mapya. Kuanzia 1935 hadi 1937 Waingereza waliweka mradi wa sinema Tanganyika, pale Vugiri kwenye milima ya Usambara. Walitengeneza filamu kama 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya, hata kuweka akiba posta. Waafrika waliigiza ndani. Lori likazunguka kuwaonyesha watu. Lakini nani aliamua hadithi inaanza wapi na inaishia wapi? Si walioigiza. Baadaye watengeneza filamu wa serikali ya kikoloni walishikilia kwamba jicho la Mwafrika haliwezi kufuata picha zinazobadilika upesi, basi filamu yake iende polepole. Ninapoisikia ile piano yetu, ninamkumbuka huyo bwana.

Au chukua Uganda. Machi 2012 shirika moja la Marekani lilitoa Kony 2012, filamu ya nusu saa juu ya vita vya Joseph Kony. Kabla ya wiki kuisha ilikuwa imeangaliwa zaidi ya mara milioni 100. Je, filamu juu ya watoto wa Uganda ya Kaskazini ilianza na nani? Ilianza na kuzaliwa kwa mtoto wa mtengenezaji mwenyewe, Marekani. Tarehe 13 Machi ilionyeshwa kwenye uwanja wa wazi mjini Lira, mbele ya watu ambao vita ile iliwapitia miilini. Walikuja kwa maelfu. Walitarajia kujiona, wakamwona Mzungu na mwanawe. Ikaishia kwa hasira na mawe. Dunia nzima ilikuwa imeipenda kabla ya Lira kuulizwa. Ndiyo maana mimi nauliza kila mara: ni nani anaangalia kwanza?

Na tusidanganyike kwamba mateso yana mwanzo mmoja tu unaofaa. Mwaka 1917 Charlie Chaplin, ambaye naye alikuwa amehamia Marekani kutoka Uingereza, alitoa filamu fupi juu ya wahamiaji, The Immigrant. Meli inayumba, watu wamelala ovyo, wanaumwa na bahari. Tunamwona Chaplin kwa nyuma, ameinama ukingoni, mabega yanatikisika, na kila mtu anajua anatapika. Kisha anageuka. Kumbe alikuwa anavua, na ameshika samaki! Kwa sekunde chache tu amemkamata mtazamaji na huruma yake ya haraka: ulidhani unanijua, hukunijua. Je, filamu ile inaficha taabu? Hapana. Mbele yake kuna njaa, kuna wizi, kuna maofisa wanaowafunga wahamiaji kwa kamba kama mifugo wakiitazama ile sanamu ya uhuru ya New York. Lakini mlango wa kuingilia ni mtu mwenye akili anayevua samaki.

Hapa Burundi penyewe, filamu ndefu ya kwanza ya Kirundi na Kifaransa, Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ilitoka 1992. Ni kichekesho: kijana anatoka Paris na diploma yake, anadhani uwaziri unamngoja nyumbani, anakuta hakuna. Hakuna aliyemwuliza Ngabo eti Mrundi yuko wapi humu. Na kule kwetu Goma, kituo cha Yole!Africa cha mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo kimefundisha vijana sinema kwa miaka mingi, katika mji uliojaa mashirika na kamera zao. Chérie Rivers Ndaliko aliandika kitabu kizima mwaka 2016 akieleza jinsi pesa za msaada zinavyopinda sanaa ya mji ule. Kwa hiyo ugomvi huu haukuanzia kwenye saluni ya Musinzira.

Sasa nijibu wanaonipinga, maana wana hoja.

Hoja ya kwanza ni ya mashirika: wafadhili wasipoona shida hawatoi, na wasipotoa, maharage yanapungua. Ni kweli. Sisi tunaokula yale maharage tunajua kuliko wote. Basi tengenezeni filamu ya kuombea pesa. Iteni kwa jina lake. Leteni fundi wenu, mumlipe, na wanaoonekana ndani waulizwe na walipwe siku yao. Sitaipinga. Ninachopinga ni kuichukua kazi ya vijana, kuivisha shitingi, halafu kuandika juu yake "sauti ya vijana wakimbizi." Hiyo si sauti yetu. Ni sauti yenu imepita kwenye koo letu.

Hoja ya pili ni ya wazee wetu, na ndiyo inayoniuma. Wanasema: mukianza kwa kucheka, watu watadhani hatuteseki, watasema turudishwe. Na yule mkubwa wa kikundi chetu aliuliza, wafu watasemaje? Wazee wangu, kwa heshima: tumelia mbele ya kamera tangu kambi ya Kinama ifunguliwe 2002. Yule aliyetaka kuamini, ameshaamini. Asiyetaka, hata mtoto wa bidoni hakumgeuza. Lakini kuna mtazamaji mmoja ambaye hatujamwonyesha kitu bado, naye ni mtoto wetu aliyezaliwa hapa, asiyeijua Fizi wala Uvira. Huyu ameshajiona mara mia akiwa kwenye foleni. Hajajiona hata mara moja akiwa mtu anayejibu vizuri. Wafu wetu wanastahili filamu yao, ndefu, yenye majina, iliyotengenezwa na watu waliokwisha kukaa na kukubaliana. Hawastahili kutumiwa kama piano.

Kuna na hoja ya tatu, ya vijana wenzangu: tukikataa, hawatatuita tena. Hii ndiyo inatumaliza. Kuna vijana ambao hawangoji hata kuambiwa. Mkufunzi hajafika, tayari wameshatafuta mtoto mchafu. Wanajipaka majivu kabla ya msiba. Ninawaelewa, cheti ni cheti. Lakini cheti cha kutengeneza picha ambayo fundi wa shirika angeitengeneza mwenyewe kwa nusu saa kitakusaidia wapi?

Siku ya kumi tulipewa fomu. Swali la mwisho: "Umejifunza nini kuhusu kufanya kazi kwa pamoja?" Mistari mitatu. Ninajua wengi wanaandika nini hapo: ushirikiano, uvumilivu, kusikilizana. Hakuna mstari wa kuandika kwamba tuligombana siku mbili na ugomvi ule ndio ulikuwa kazi. Hakuna mstari wa kuuliza kwa nini tufundishwe kusikilizana sisi watano, wakati yule wa sita, mwenye kompyuta, hakulazimika kumsikiliza mtu. Munatupima ushirikiano wetu. Wa kwenu nani anaupima?

Basi ninaomba mambo manne, na ninayaandika hapa ili yasomwe kabla ya mafunzo mengine kuanza.

Moja, iandikwe kwenye karatasi, kabla kamera haijatolewa kwenye sanduku, kwamba kikundi ndicho kinaamua mwanzo, na montaji inafanyika hapa, kikundi kikiwa kimeketi mbele ya kompyuta.

Mbili, watu wa hapa waangalie kwanza. Inawezekana. Kule Kakuma, Kenya, FilmAid walianza mwaka 2001 kuwaonyesha wakimbizi filamu jioni, kwenye kitambaa kikubwa kilichofungwa kwenye lori. Kinama waione kabla ya Bujumbura, na Bujumbura kabla ya Geneva. Ikiwa mama kwenye mkeka wa tatu atajifunika uso, picha ile iondoke.

Tatu, picha zote tulizopiga zibaki na sisi, kwenye flash mbili, moja Musinzira na moja Kinama. Dakika mbili zetu za kweli ziko ndani ya kompyuta ya mtu, na hatuna nakala.

Nne, majina ya kikundi yatokee mwanzoni, kabla ya nembo yoyote.

Najua wanaofanya kazi kwenye mashirika wanasoma jarida hili. Wengi wenu tunakula pamoja, na wengine wenu nanyi munaandikiwa fomu na watu wa juu. Kurasa zipo, jibuni. Lakini mukija tena na kamera, na mukaona kazi ya vijana, na lile swali likawajia mdomoni, eti mkimbizi yuko wapi humu, limezeni kwanza. Angalieni tena mpaka mumwone.